Kola ilipokataa kufunga: namna ya kuikabili TB ya tezi za shingo

Mimi ni fundi cherehani, si daktari. Naanza na hilo ili asije mtu akanidai cheti. Ninachokijua kuhusu TB ya tezi nimekipata kwa kuugua, kwa kuuliza maswali hadi manesi wakanipachika jina la utani, na kwa kusoma usiku nilipokuwa sipati usingizi. Ninalo daftari la wateja, na katikati ya vipimo vya viuno na mabega mna kurasa nne za mteja mmoja asiyelipa: shingo yangu, wiki 34, kila Jumapili asubuhi. Mwongozo huu umetoka kwenye kurasa hizo.

Ilianza na shati. Nilijishonea mwenyewe, kola ya kusimama, na siku ya kulivaa kifungo cha juu kikagoma. Nikajilaani kwa kukata vibaya. Nilipopitisha tepu nikakuta shingo ndiyo iliyoongezeka, tena upande mmoja tu. Chini ya pembe ya taya la kulia palikuwa na donge gumu kama kifutio cha penseli. Haliumi, halina moto, linateleza kidogo chini ya kidole. Nikalibonyeza, nikalisahau. Kulisahau ndilo kosa la kwanza, na karibu kila niliyekutana naye kwenye foleni ya dawa alilifanya. Kitu kisichouma hakina mtetezi.

Pima kabla ya kuogopa

Shingo ya kila mtu ina tezi nyingi ndogo za limfu. Kazi yake ni kuchuja majimaji ya mwili na kunasa vijidudu. Ukiumwa koo, jino au sikio, tezi za karibu huvimba na kuuma, kisha hunywea zenyewe baada ya siku au wiki chache. Hizo zisikunyime usingizi. Ya TB ina tabia nyingine. Huja polepole, kwa wiki na miezi. Mara nyingi haiumi. Mara nyingi huwa upande mmoja, kando ya ule msuli mkubwa wa shingo au nyuma yake. Mwanzoni hujitenga na kuteleza, baadaye hugandana na jirani zake, halafu hulainika katikati, na ngozi ya juu yake hugeuka rangi na kung'aa. Mwishowe, ikiachwa, hutoboka na kutoa usaha. Jipu hilo madaktari huliita jipu baridi, kwa sababu halina ule moto wa jipu la kawaida. Ukiligusa unaweza kudhani ni la mtu mwingine.

Kujikagua ni hivi. Kaa, teremsha kidevu kidogo ili misuli ilegee. Tumia nyama za ncha za vidole vitatu, usibane kwa kidole gumba. Zungusha taratibu kuanzia nyuma ya sikio, fuata taya, shuka kando ya msuli mkubwa, rudi nyuma kuelekea kisogo, malizia kwenye shimo la juu ya mtulinga. Kisha fanya upande wa pili, maana shingo bora ya kulinganishia ni yako mwenyewe.

Kupima ndiko kuna ufundi. Tepu ikizungushwa shingo nzima haisemi kitu, kwa kuwa shingo hubadilika hata ukigeuza kichwa. Lala chali, kichwa kimeelekea upande usio na uvimbe. Tafuta kingo mbili za donge zilizo mbali zaidi, weka nukta ya kalamu kwenye kila ukingo, halafu pima kati ya nukta na nukta. Siku ileile ya wiki, mkao uleule. Andika tarehe, sentimita, idadi ya madonge, kama linauma, rangi ya ngozi, uzito wako, kama ulipata homa au uliamka nguo zimelowa jasho. Na andika kila dawa uliyomeza wiki hiyo, hata ya mafua. Mstari huo wa mwisho ndio ulioniokoa, nitaeleza.

Mara moja kwa wiki inatosha. Mimi mwanzoni nilikuwa nalibinya kila nikipita mbele ya kioo, likaanza kuuma, nikadhani ugonjwa umezidi kumbe ni vidole vyangu.

Donge likipita wiki mbili bila sababu inayojulikana, nenda ukaonwe. Usisubiri hata hizo wiki mbili kama ni gumu kama jiwe na halisogei, kama liko juu ya mtulinga, kama sauti imekwaruza au kumeza kunakuwa kazi, kama unapungua uzito. Hapo hofu si TB peke yake. Saratani ya tezi zenyewe, au iliyosafiri kutoka kwingine, inaweza kuvaa vazi hilohilo. Vidole havizitofautishi, viwe vyangu au vya daktari.

Ikinywea yenyewe, usishangilie

Daftari langu linasoma hivi: wiki ya kwanza sentimita 2.1, wiki ya tatu 2.6. Hapo nikaenda duka la dawa nikapewa antibayotiki za koo za siku saba. Wiki ya tano, 1.9. Nilicheka peke yangu chumbani. Nusura niache kupima. Wiki ya nane, 3.2, na madogo mawili pembeni, yote yamegandana kama vifungo vilivyoshonewa tundu moja.

Ugonjwa huu una kupanda na kushuka kwake. Tezi inaweza kunywea kwa sababu uvimbe wa juu, uliosababishwa na kijidudu kingine, umetulia. Inaweza pia kunywea kwa sababu mwili umepata nguvu kwa muda. Na chochote ulichokuwa unatumia wiki ile ndicho kitakachopewa sifa. Ukikielewa hiki, umeelewa nusu ya historia ya ugonjwa wenyewe.

Kwa karne nyingi huko Uingereza na Ufaransa tezi hizi ziliitwa ugonjwa wa mfalme. Watu waliamini kuwa mfalme akimgusa mgonjwa, mgonjwa atapona. Waingereza walisema desturi ilianza na Edward the Confessor, aliyetawala kuanzia 1042 hadi 1066. Charles II ndiye aliyepitiliza: tangu aliporudi kwenye kiti mwaka 1660 hadi alipokufa 1685, aligusa watu zaidi ya 90,000. Kila mgonjwa alivishwa kipande cha dhahabu chenye picha ya malaika Mikaeli akiliua joka, kimetungwa kwenye utepe mweupe. (Wengine wakisoma hapo huwaza dhahabu. Mimi niliwaza utepe. Tisini elfu! Nani alikuwa anakata?)

Richard Wiseman, daktari wa upasuaji wa Charles mwenyewe, aliandika mwaka 1676 kwamba mfalme huponya wengi kwa mwaka mmoja kuliko wapasuaji wote wa London kwa zama nzima. Simwiti mwongo. Naamini aliwaona watu wakiondoka na tezi kubwa na kurudi na ndogo. Ila hao ni waliorudi. Waliokufa njiani hawakurudi kutoa ushuhuda, na waliovimba tena baada ya miezi sita hawakuwa na tepu.

Samuel Johnson, yule mtunzi wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya 1755, alipelekwa na mama yake kuguswa na Malkia Anne mwezi Machi 1712, kabla hajatimiza miaka mitatu. Hakupona. Alikatwa na wapasuaji, akabaki na makovu maisha yake yote, na kile kipande alichovishwa alikivaa shingoni hadi uzeeni. Simcheki kwa hilo. Mimi pia ninayo pakiti tupu ya vile vidonge vya kwanza kwenye droo ya nyuzi.

Anne alipokufa mwaka 1714, aliyemfuata, George I, hakutaka kuendelea na kazi ya kugusa. Inasimuliwa kuwa kabla yao William III alimgusa mtu mmoja akamwambia, Mungu akupe afya njema zaidi, na akili zaidi. Wafaransa walichelewa kuacha: Charles X aligusa wagonjwa 121 huko Reims mwaka 1825. Lakini kinachonifurahisha kwa Wafaransa ni maneno yao. Zamani mfalme alikuwa akisema, mfalme anakugusa, Mungu anakuponya. Katika karne ya 18 wakayageuza: mfalme anakugusa, Mungu akuponye. Taarifa ikawa dua. Mtu fulani pale ikulu alikuwa ameanza kuhesabu.

Kwa hiyo, ukiombewa, sawa. Ukipewa majani, ukapewa antibayotiki, na donge likapungua, sawa pia, andika kwenye daftari. Lakini kipimo usikiahirishe kwa sababu ya kupungua. Na kuna dawa mbili za kukwepa kabla haijajulikana unaumwa nini. Moja ni levofloksasini na ndugu zake, ambazo huwapiga vijidudu vya TB nusunusu, zikauficha ugonjwa na kuvifundisha usugu. Nyingine ni prednisoloni, ambayo hunyweza tezi vizuri sana, iwe ya TB au ya saratani, halafu majibu ya maabara yakaja yamechafuka. Daktari aliponiuliza nilimeza nini, nilifungua ukurasa wa wiki ya tatu, nikamwonyesha jina na siku. Akasema wengi humjibu "vidonge vyeupe".

Sindano kwanza

Nilipofika mbele ya daktari nilikuwa na ombi moja: kata hili donge, nitoe, nirudi kazini. Nesi mtu mzima aliyekuwa pembeni ndiye aliyenijibu. "Mwanangu, hili halikatwi kama kitambaa."

Sababu yake niliielewa mara moja kwa sababu ya kazi yangu. Mashati ya zamani yalikuwa na kola ya kuvua, na kola ile ilishikizwa kwa kifungo chenye vichwa viwili: kichwa kimoja ndani, kimoja nje, shingo nyembamba katikati ikipita kwenye tundu. Madaktari wa Kiingereza walilipa jipu la TB ya tezi jina la kifungo hicho. Kuna mfuko mmoja wa usaha chini kabisa, ndani ya utando mgumu wa shingo, na mfuko mwingine chini ya ngozi, vikiunganishwa na njia nyembamba. Unachokiona wewe ni kichwa cha nje. Ukitumbua, usaha unatoka, unafurahi, na kichwa cha ndani kinaendelea kulisha kidonda. Matokeo yake ni tundu linalovuja kwa miezi na kovu lililovutana. Ndiyo maana asikutumbue mtu yeyote, nyumbani wala kwingine, kabla TB haijafikiriwa na kupimwa.

Kipimo cha kuanzia ni sindano nyembamba. Unalala, shingo inasafishwa, sindano inaingia kwenye donge na kuchezeshwa kidogo, wananyonya kiasi cha tone. Kwangu ilichukua muda mfupi kuliko kutunga uzi kwenye mashine. Inauma kama sindano inavyouma, basi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi hupoteza mwezi mzima. Kabla sindano haijaingia, uliza sampuli itaenda wapi. Sehemu inapakwa kwenye kioo ili mtaalamu aangalie chembe kwa hadubini. Sehemu inatakiwa iende kwenye mashine ya GeneXpert, inayotafuta chembe za urithi za kijidudu na kueleza kama kinasikia dawa ya rifampisini. Mashine yenyewe hutoa jibu kwa chini ya saa mbili. Na sehemu, pale inapowezekana, ioteshwe maabara, jambo linalochukua wiki kadhaa kwa sababu kijidudu hiki ni mvivu wa kuzaliana. Ikiwa badala ya sindano umetolewa tezi nzima au kipande, omba kwa heshima kwamba kisitumbukizwe chote kwenye formalini. Formalini huhifadhi umbo la nyama kwa ajili ya hadubini lakini huua vijidudu, na kilichokufa hakioti. Kipande kimoja kwenye formalini, kingine kwenye maji ya chumvi ya hospitali. Niliyekaa naye benchi moja alirudishwa kukatwa mara ya pili kwa kosa hilo tu.

Jibu la "hakuna TB" kutoka kwa mashine halifungi kesi. Ndani ya tezi vijidudu huwa vichache, sindano inaweza kuvikosa. Daktari anaunganisha: umbo la chembe, ule uozo wa katikati unaofanana na jibini, picha ya kifua, historia yako. Utapimwa VVU pia, kila mgonjwa wa TB hupimwa, usione umeshukiwa. Na kama unakohoa, hata kidogo, sema. Kohozi lipimwe, kwa sababu TB ya tezi na ya mapafu zinaweza kukaa nyumba moja.

Kijidudu chenyewe kilitangazwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na ndiyo maana siku hiyo ni Siku ya TB Duniani. Kabla yake madaktari waliziita tezi hizi skrofula, kutokana na neno la Kilatini la nguruwe jike, na kila mmoja alikuwa na chupa yake. Jean Lugol, wa Paris, alitengeneza maji yake ya iodini mwaka 1829 akiwa anautafutia dawa ugonjwa huu. Maji ya Lugol yapo hospitalini hadi leo, kwa kazi nyingine kabisa. Kwa TB hayakufaa kitu. Kitu kilichopunguza tezi za shingo kwa watoto wa Ulaya hata kabla ya vidonge kilikuwa kuchemsha maziwa, kwani aina moja ya kijidudu hiki ni ya ng'ombe na hupita kwa maziwa mabichi. Chemsha maziwa.

Miezi sita

Matibabu ya kawaida ya TB ya tezi ni yaleyale ya mapafu: miezi miwili ya dawa nne, rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi minne ya rifampisini na isoniazidi. Huwa zimechanganywa kwenye kidonge kimoja na idadi hutegemea uzito. Mimi nilimeza vinne kila asubuhi, tumbo tupu, saa moja kabla ya kula. Wiki ya kwanza nilitapika, nikaruhusiwa kutanguliza chakula chepesi. Watoto na vijana wa chini ya miaka 16 wenye ugonjwa mwepesi, na tezi za shingo zinaweza kuingia humo, siku hizi wanaweza kutibiwa kwa miezi minne, daktari akiridhika.

Mkojo utakuwa rangi ya machungwa. Machozi pia, na jasho: niliharibu kola mbili nyeupe. Hiyo ni rifampisini inapita, haina madhara. Vya kurudi navyo hospitali siku hiyohiyo ni macho kuwa ya njano, kutapika kusikokoma, mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, kuona ukungu au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani. Hilo la rangi nililijaribu kila Jumapili kwa mabunda ya nyuzi, jicho moja moja. Miguu ikichomachoma kama sindano, mwambie daktari, kuna vitamini B6 kwa ajili hiyo. Na rifampisini hugombana na dawa nyingi: hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, na baadhi ya dawa za VVU lazima dozi ibadilishwe. Orodhesha kila unachomeza, usichague.

Mbinu yangu ya kutosahau ilikuwa ya kifundi. Nilichomeka pini 7 kwenye mto wa pini kila Jumapili, nikameza, nikang'oa moja. Pini ikibaki jioni, nimesahau.

Wiki ya kumi, ilipovimba upya

Hapa ningetamani mtu angeniandikia mimi. Wiki ya nne ya dawa donge lilikuwa 2.5. Wiki ya nane, 2.0. Nikaanza kuongea na watu vizuri. Wiki ya kumi, 3.8. Kubwa kuliko siku yoyote ya ugonjwa, ngozi zambarau, katikati laini kama mfuko wenye maji, na jipya kama punje ya mahindi nyuma yake. Nilikaa sakafuni na tepu mkononi. Niliwaza mawili: dawa hazifanyi kazi, au hii haikuwa TB tangu mwanzo.

Kuna la tatu, na ndilo hutokea mara nyingi zaidi. Vijidudu vinapokufa huacha mizoga, na kinga ya mwili iliyokuwa imezubaa huamka na kuishambulia mizoga hiyo. Tezi huvimba, hulainika, hata mpya hujitokeza, huku ugonjwa wenyewe ukiwa unashindwa. Si jambo adimu kwenye TB ya tezi. Hukadiriwa kumpata takriban mgonjwa mmoja kati ya watano. Kwa mwenye VVU aliyeanza ARV karibuni linaweza kuja kwa kishindo zaidi.

Cha kufanya siku hiyo: usiache dawa hata siku moja, usitumbue, nenda kliniki na daftari. Waulize maswali matatu, nao watayajua. Dozi zangu nimezimeza zote? Kile kijidudu changu kilipimwa usugu? Kuna haja ya kuchukua sampuli tena? Mimi walinyonya usaha kwa sindano, wakapitia ngozi nzima ya pembeni badala ya ile nyembamba ya juu ya jipu, ili pasibaki tundu linalovuja. Wakaupima. Usugu haukuonekana. Walinyonya tena baada ya siku nane. Wengine hupewa dawa za kupunguza uvimbe, na wachache huishia kufanyiwa upasuaji wa kutoa tezi, lakini hayo ni ya daktari kuamua, tena taratibu. Kile kidonge cha asubuhi hakikubadilika.

Yule nesi aliangalia kurasa zangu, akafuata kwa kidole, 3.2, 2.5, 2.0, 3.8. "Ulipoanza dawa ulikuwa na kilo ngapi?" Nikamwambia 56. "Leo?" 60. Jasho la usiku? Halipo tangu wiki ya tano. Akafunga daftari akanirudishia. "Shingo inapiga kelele, mwili unapona. Usisikilize shingo peke yake." Tangu siku ile nikaongeza mstari wa uzito kwa wino mwekundu.

Walio nyumbani

TB iliyo kwenye tezi tu haiambukizi kwa kikombe, kijiko, kukumbatiana wala kulala kitanda kimoja. Inayoambukiza kwa hewa ni ya mapafu na koo. Kwa hiyo swali la familia si kama utawapa, ni nani alikupa. Wenye kikohozi cha wiki mbili wapimwe, na watoto wadogo wa chini ya miaka mitano, pamoja na wenye VVU, waulizwe habari ya dawa za kinga. Kama una tundu linalotoa usaha, lifunike kwa bandeji safi, nawa mikono, usilikamue.

Watoto wana vitezi vidogo shingoni karibu muda wote kwa sababu ya mafua na koo, usiwaburute hospitali kwa kila kimoja. Kinachokua, kinachopita wiki mbili, au kinachobadili rangi ya ngozi, ndicho cha kupeleka.

Dawa zangu ziliisha wiki ya 26 tangu nianze kuzimeza. Kipimo cha mwisho kwenye daftari ni sentimita 0.9, gumu, haliumi. Nilitaka liwe sifuri, nikaambiwa kwamba baadhi ya watu hubaki na kitezi kikavu kama hicho na si dalili ya kushindwa, mradi hakikui. Nilipewa tarehe ya kurudi kuangaliwa. Lile shati nililifumua kola, nikaongeza sentimita moja, nikalirudishia. Sasa linapwaya.